Namna ya Kuwa Prodyuza wa Hevi Metali na Kubaki na Masikio Yako

Anza na chai. Katika studio za London za miaka ya 1960, kijana aliyetaka kurekodi muziki hakukabidhiwa mitambo, alikabidhiwa birika. Alichemsha maji, akashika kichwani nani anatia sukari vijiko vingapi, akafagia, akakunja nyaya, na siku fundi mkubwa alipoumwa ndipo alipoambiwa akae kwenye mashine ya kanda na abonyeze pale anapoelekezwa. Usiikimbie hatua hii. Anayeweza kumpelekea mpiga ngoma kikombe cha chai saa nane usiku, bila kununa na bila kuulizwa, ameshajua nusu ya uprodyuza. Nusu iliyobaki ni kumwambia huyo huyo mpiga ngoma, kabla hajamaliza kikombe, kwamba itabidi apige tena.

Ukishahitimu chai, tafuta mwalimu. Wangu ni Martin Birch, ingawa sikupata kumwona. Nilimkuta nyuma ya jalada la kaseti, kwa herufi ndogo, chini ya majina ya wenye nywele ndefu. Alizaliwa Woking, Uingereza, Desemba 1948. Alianza kama fundi wa kurekodi, akawa fundi wa Deep Purple tangu mwanzo wa miaka ya 1970, akaja kuwa prodyuza wa Rainbow, Whitesnake na Black Sabbath, kisha akatengeneza albamu nane za studio za Iron Maiden mfululizo, kuanzia 1981 hadi 1992. Ukiupenda muziki huu, huyu mtu ameshakaa sikioni mwako miaka mingi bila wewe kumjua. Hiyo ndiyo hadhi ya kazi unayoitafuta. Wanaotaka kupigwa picha waende wakashike gitaa.

Sasa tafuta mahali pa kurekodi, na sharti la kwanza pasiwe na jirani. Desemba 1971 Deep Purple walikwenda Montreux, Uswisi, wakiwa wamepangiwa ukumbi wa kasino ya mji. Tarehe 4, kwenye onyesho la mwanamuziki Frank Zappa, mtu mmoja katika watazamaji alifyatua bastola ya fataki juu darini, na kasino ikateketea yote. Bendi ikahamia ukumbi mwingine katikati ya mji. Wakazi hawakulala, polisi wakaja, na wasaidizi wa bendi wakaishikilia milango kwa ndani mpaka wimbo uliokuwa ukipigwa ukaisha. Mwishowe wakapata hoteli kubwa iliyofungwa kwa majira ya baridi. Walijipanga korido, wakaziba kuta kwa magodoro, na Birch akakaa nje ndani ya lori la kurekodia lililokodiwa kwa Rolling Stones. Njia ya kutoka kwenye ngoma hadi kwenye lori ilipita vyumbani na kwenye roshani, ikawachosha wanamuziki hata wakaacha kwenda kusikiliza walichorekodi. Walimwachia Birch. Akisema imekaa, imekaa. Albamu iliyotoka humo, Machine Head ya 1972, bado inauzwa.

Ninaikumbuka korido hiyo kila ninapomsikia mtu akisema hawezi kuanza mpaka apate studio ya maana. Godoro unalo. Korido ipo. Kinachotakiwa ni mtu mmoja nje ambaye sikio lake linaaminiwa na walio ndani, na imani hiyo haiuzwi dukani pamoja na maikrofoni.

Tukija kwenye maikrofoni yenyewe, nunua Shure SM57. Ipo sokoni tangu 1965, bei yake inavumilika, na ikianguka huiokota ukaendelea. Iweke mbele ya spika ya amplifaya ya gitaa, karibu kabisa na kitambaa, halafu piga magoti. Ndiyo, magoti. Ukiielekeza katikati ya spika, sauti hukata kama wembe. Ukiisogeza upana wa kidole kuelekea ukingoni, hupata kiza na unene. Katika upana huo wa kidole ndimo unamokaa ustadi wa gitaa la metali, na hakuna kitufe kwenye kompyuta kitakachokurudishia ulichokikosa hapo. Kisha mwambie mpigaji apige sehemu ile ile mara mbili. Ya kwanza ipeleke spika ya kushoto, ya pili ya kulia. Usirekodi mara moja ukanakili. Vile vitofauti vidogo vya mkono, sehemu ndogo tu ya sekunde hapa na pale, ndivyo vinavyoutanua ukuta wa sauti.

Lakini ukuta huo utakuletea kesi, na kesi yenyewe ilianzia kiwandani. Tony Iommi wa Black Sabbath alikuwa kijana wa Birmingham, mwenye kupigia gitaa mkono wa kushoto, siku mashine ya kiwanda cha bati ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki ya chupa ya sabuni aliyoiyeyusha, akavivisha ngozi, akatumia nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Kufikia albamu ya tatu, Master of Reality ya 1971, alikuwa ameshusha gitaa nusu hatua tatu kwenye baadhi ya nyimbo. Sauti ikawa nzito, ikapendwa, na wengi waliomfuata wakashusha zaidi.

Prodyuza ndiye aliyerithi hesabu. Uzi mzito wa gitaa la kawaida hutikisika mara 82 kwa sekunde. Ukiushusha nusu hatua tatu unafika 69. Huko chini kulishakuwa na wenyeji: gitaa la besi na ngoma ya mguu. Watatu hao wakikaa chumba kimoja, husikii hata mmoja. Unasikia lori limepaki nje ya dirisha halijazimwa. Kwa hiyo chukua gitaa, ambalo mwenyewe anasema ndilo bendi, na ulikate chini ya mtikisiko wa 100 hivi. Likipigwa peke yake litasikika limekonda, na mwenye gitaa atakutazama kama aliyekukuta unampunguzia mtoto chakula. Usimwoneshe likiwa peke yake. Mrudishie besi na ngoma, mwache asikilize mwenyewe jinsi uzito ulivyorudi, safari hii ukitoka mahali pake.

Ngoma ya mguu nayo ina elimu yake. Kwenye deth metali miguu miwili hukimbia kwa kasi ambayo mlio mzito wa ngoma hauwezi kuifuata. Kabla mmoja haujafa wa pili umeshafika, na yote yanakuwa ngurumo. Dawa ni kutafuta mlio wa juu, ule wa nyundo kugonga ngozi, ili sikio lihesabu kila pigo. Wapo wanaobandika sarafu kwenye ngozi, pale nyundo inapotua. Sarafu, tepu na subira, basi. Siku hizi kompyuta hupiga zenyewe, na hilo nalo lina uzuri wake: mwaka 2020 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya Duma, wawili kutoka Nairobi, ambamo sauti ya binadamu inapigana na mashine mpaka mwisho. Sikiliza hiyo kabla hujaniambia muziki huu ni wa watu wa baridi.

Kuhusu besi nitasema kwa ukali kidogo. Usiiue. Mwaka 1988 Metallica walitoa ...And Justice for All, na gitaa la besi la Jason Newsted, mgeni katika bendi, halikusikika. Flemming Rasmussen, Mdenishi aliyetengeneza nao albamu mbili za kabla yake katika studio ya Sweet Silence mjini Copenhagen, hakuwa ndiye aliyeimiksi. Walioimiksi wamesimulia kwamba waliambiwa waishushe. Miaka inapita, Rasmussen bado anaulizwa. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na bendi ya metali ina wawambaji watano na ngozi moja. Mpiga gitaa atakuomba gitaa lipande, mpiga ngoma ngoma, mwimbaji atakunong'oneza pembeni. Mpiga besi mara nyingi hasemi kitu. Basi wewe sema kwa niaba yake. Huyo asiyesema ndiye aliyekuajiri.

Hapo tunafika kwenye chombo kikuu cha kazi hii, ambacho hakina waya wala bei. Ni neno "tena".

Mapema mwaka 1982, katika studio ya Battery, London, Iron Maiden walikuwa wanarekodi The Number of the Beast. Bruce Dickinson alikuwa mwimbaji mpya, kijana mwenye koo la chuma, naye alidhani mistari ya mwanzo ya wimbo uliobeba jina la albamu ingemchukua dakika chache. Sehemu yenyewe huimbwa kwa sauti ya chini, karibu ya kunong'ona. Akaimba. Birch akamwambia tena. Akaimba. Tena. Saa zikapita, mistari ile ile michache, hadi Dickinson akaanza kurusha viti. Birch akamweleza, kama Dickinson alivyokuja kusimulia, kwamba mwimbaji Ronnie James Dio naye aliteseka hivyo hivyo kwenye mwanzo wa wimbo Heaven and Hell wa Black Sabbath miaka miwili kabla, kwa sababu wimbo wa namna hiyo unadai uutie maisha yako yote kwenye mstari wa kwanza. Na ule ukelele mrefu unaofuata baada ya utangulizi, ambao mtu akiusikia mara ya kwanza hutazama nyuma yake, ulibeba hasira ya saa hizo zote za neno moja.

Nimeufikiria sana ukelele huo. Mtu mwingine angeridhika na teki ya tatu, maana pengine ilikuwa safi, haina kosa. Birch alisikia kwamba haina kosa na haina kitu. Kuisikia tofauti hiyo, halafu kuwa na moyo wa kuisema mbele ya kijana aliyechoka na mwenye kiti mkononi, ndiyo kazi. Vingine vyote ni umeme.

Ila "tena" ina adabu zake. Usiseme kupitia spika ya ukutani ukiwa umekaa; inuka, fungua mlango, ingia chumba chao. Sema kilichokuwa kizuri kwanza, nacho kiwe kweli. Usiseme "tena" kwa sababu hujui unachotaka. Bendi huvumilia mengi, njaa ikiwemo, lakini hunusa prodyuza anayebahatisha kama mbuzi anavyonusa mvua. Na ujue wakati wa kuacha. Ukiona mwimbaji ameanza kukuimbia wewe badala ya kuuimba wimbo, mpe maji, mpeleke nje, mrudi kesho.

Vifaa vikipungua, ingia jikoni. Mwaka 1980 Judas Priest walirekodi British Steel katika nyumba ya Ringo Starr huko Tittenhurst Park, nyumba aliyoinunua kwa John Lennon. Walitaka mlio wa jeshi la chuma likitembea, na mashine za kuhifadhi milio ya kuazima hazikuwa za kawaida bado. Wakachukua trei ya vijiko na uma, wakaitikisa. Walipotaka mlio wa vioo kuvunjika wakavunja chupa za maziwa. Prodyuza alikuwa Tom Allom, na hapa ninakuomba utulie kidogo utazame njia aliyopita: ndiye aliyekuwa fundi wa kurekodi siku ile ya Oktoba 1969 Black Sabbath walipoingia studio asubuhi na kutoka usiku na albamu yao ya kwanza nzima, chini ya prodyuza Rodger Bain. Miaka kumi baadaye yeye ndiye mwenye kiti, na vijiko vinatikiswa.

Siku moja, basi, yatosha albamu. Au miaka mitatu. Robert John Lange, ambaye kila mtu humwita Mutt, alizaliwa Mufulira mwaka 1948, mji wa shaba wa Zambia ya leo, jirani na mpaka wa Kongo, ng'ambo ambako Kiswahili cha Katanga kinaanza. Alikulia Afrika Kusini, akaenda Uingereza, akatengeneza Back in Black ya AC/DC, kisha Hysteria ya Def Leppard iliyoanza 1984 na kutoka 1987. Katikati hapo Lange alichoka akaondoka, akarudi. Na mpiga ngoma Rick Allen alipoteza mkono wa kushoto kwenye ajali ya gari siku ya mwisho ya 1984, akajifunza upya kwa ngoma za umeme zinazopigwa kwa miguu, na bendi ikamngoja. Gitaa lilirekodiwa kwa subira ya mshona shanga, mahali pengine uzi mmoja mmoja. Wakosoaji humwona Lange mtu wa kupindukia. Mimi namwona mtu aliyekubali mpiga ngoma wa mkono mmoja abaki kwenye kiti chake, na albamu isubiri. Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya ratiba na mtu, fanya hivyo hivyo, halafu omba msamaha kwa mwenye pesa.

Pesa, kwa kuwa tumezitaja, zitachelewa. Scott Burns alikuwa fundi katika studio ya Morrisound, Tampa, Florida. Desemba 1988 alikubali kwenda Rio de Janeiro kwa malipo madogo kuwarekodi vijana wa Brazil wasiojulikana, Sepultura. Walifanya kazi kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Albamu hiyo, Beneath the Remains, ilifungua mlango wa bara zima. Kutoka hapo kila bendi ya deth metali ilitaka kupanga foleni Tampa: Death, Obituary, Deicide, Cannibal Corpse, Napalm Death waliotoka Uingereza. Kati ya 1989 na 1994 jina lake lilikuwa karibu kila mahali palipokuwa na fuvu kwenye jalada.

Sasa sikiliza kilichompata, kwa sababu kinaweza kukupata wewe. Walianza kusema albamu zote za Morrisound zinafanana. Bendi zilikuja zikiwa na bajeti ndogo na siku chache, zikadai mlio ule ule wa bendi ya jana, zikaupata, na lawama ikabaki kwa fundi. Ukiona wateja wanaleta albamu ya mtu mwingine na kuiweka mezani wakisema "hivi hivi", wape chai. Waulize wao wana nini ambacho wale hawana. Wakikosa jibu, warudishe kwenye mazoezi. Utakuwa umepoteza malipo ya wiki moja na kuokoa jina lako na lao. Burns aliacha katikati ya miaka ya 1990, akaingia kwenye kazi ya programu za kompyuta. Mwaka 2005 Obituary walitoa Frozen in Time, na jina lake limo. Halafu akarudi ofisini kwake.

Masikio. Niliahidi kwenye kichwa cha habari. Kanuni wanayoitumia wataalamu wengi wa afya kazini ni kwamba sikio linavumilia desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda unakatwa nusu. Fanya hesabu: kwa desibeli 100 una dakika kumi na tano. Bendi ya metali chumbani hupita hapo kabla mpiga ngoma hajapata joto. Kwa hiyo vaa vizibo ukiingia kwao, na ukirudi kwenye miksa yako sikiliza kwa sauti ya chini, chini kiasi cha kuzungumza na mtu bila kupaza. Kwa sauti kubwa kila kitu kinapendeza. Hata makosa hucheza. Kwa sauti ya chini, kilichokufa kinajionesha. Kisha toa nakala, panda daladala ya jioni iliyojaa, uisikilize humo kwa visikizi vya bei ya mtaani. Kama bado unazitambua nota za besi kati ya kelele za konda na breki, miksi imekaa.

Jihadhari pia na ushirikina wa kazi, maana utaingia tu. Wakati wa kurekodi The Number of the Beast, husimuliwa kwamba Birch aligongana na basi dogo lililobeba waumini, na gereji ikamletea hati ya paundi 666. Alikataa kuilipa hivyo. Waliikubali ilipokuwa 667. Namwelewa kabisa. Mtu aliyekaa saa nyingi akimwambia mwimbaji aimbe kana kwamba shetani yupo mlangoni ana haki ya kuongeza paundi moja.

Mwaka 1992, baada ya Fear of the Dark, Birch aliacha. Alikuwa na miaka 43, umri ambao wengine ndio kwanza wananunua miksa kubwa. Hakurudi kutafuta sifa, na alipofariki Agosti 2020 walioandika kwanza kumlilia walikuwa wale aliowaambia "tena".

Nawe utafika usiku utakaoona imetosha, wa albamu moja au wa kazi nzima. Ukifika, kusanya vikombe. Toa sarafu kwenye ngozi ya ngoma umrudishie mwenyewe. Kunja nyaya kwa kufuata mzunguko wake, usizikunje kwenye kiwiko. Kisha zima spika kwanza, subiri kidogo, ndipo uzime miksa. Ukigeuza mpangilio huo, spika zitapiga kishindo kimoja kikubwa, na wenzako wamelala kwenye korido.